Shairi Nililolinyima Karatasi

Mwaka wangu wa pili Kampala nilikuwa na rafiki mmoja tu, na nilimtaka awe wangu peke yangu. Tulipanga vyumba vilivyopakana huko Kyebando. Yeye alikuwa Mnubi, kitukuu cha mmoja wa wale askari walioletwa kutoka Sudan enzi za Waingereza. Asubuhi alisuka vikapu vya kuuza, jioni alichora kwa makaa vitu visivyo vya dunia hii: samaki waliovaa vilemba, mji ulioelea juu ya wingu, mwanamke mwenye mabawa ya kaloli, yale makorongo makubwa yanayochakura majalala ya jiji letu.

Mimi nilitoka Mombasa, nikifanya kazi kwenye duka la uchapaji Nakasero. Siku nzima hakuna aliyenisemesha ila kuuliza kazi yake itakwisha lini. Kwa hiyo Jumapili nilikwenda kuketi kwenye mkeka wa jirani yangu. Yeye alichora, mimi nikatunga mashairi juu ya alivyovichora, nikamsomea. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe.

Siku moja alialikwa kutundika picha zake katika ukumbi mmoja Bukoto. Akanionyesha yule mwanamke wa mabawa.

"Dada, hii mtu iko peke yake kabisa," akasema. "Iandikie maneno, tuweke kando yake."

Nikakubali. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Nilipanga vina vikapangika, mizani ikatimia, lakini shairi lilikuwa sanduku zuri lisilo na kitu ndani. Wiki ya tatu akaniambia nisijisumbue, amempata mama mmoja Mkongomani, msusi wa Bukoto, anayeandika kwenye daftari akingoja wateja.

Jirani yangu akaniletea kazi yote kwenye flashi ili nimchapie. Nikalisoma shairi la yule mama kwenye kompyuta:

*Mji huu hauna milango.
Nani atanipigia hodi?
Mabawa iko, safari hakuna.*

Halina kina, halina mizani. Nikatafuta kosa, nikalipata, la ngeli, nikafurahi kidogo. Kisha nikasoma tena. Yale yalikuwa maisha yangu ya miaka miwili, na ameyasema mtu asiyenijua, kwa Kiswahili cha kuungaunga, mimi niliyelelewa na mashairi nimeshindwa.

Nikachapa majina ya picha zote. Shairi sikulichapa.

"Faili limekataa kufunguka," nilimwambia jirani yangu.

"Imekataa kabisa?"

"Kabisa."

Maonyesho yalikuwa Jumamosi mchana. Kando ya mwanamke wa mabawa jirani yangu alikuwa amebandika karatasi nyeupe, tupu. Nikasimama karibu nikingoja kumwona yule msusi akinywea. Akaingia moja kwa moja kutoka saluni, vipande vya nywele bado vimemganda kwenye gauni.

"Maneno yangu iko wapi?" akauliza.

"Mashine ilikataa, mama. Pole," jirani yangu akajibu.

Mama akacheka. "Basi nitasema mwenyewe."

Akasema, kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na picha. Watu wakaacha soda zao. Alipomaliza, jirani yangu alimshika mkono, na vidole vyake vya makaa vikamwachia alama nyeusi. Nilitamani kuufuta mkono ule kwa nguvu.

Nikatoka barazani. Jirani yangu akanifuata.

"Uko na nini?"

"Faili lilifunguka," nikasema. "Nililisoma shairi, nikalificha."

"Yule mama alikufanyia nini?"

"Hakunifanyia kitu. Amekuchukua wewe."

"Mimi ni kikapu, nichukuliwe?" Sijawahi kumwona na hasira vile. "Nenda umwambie mwenyewe."

Nikaenda. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ameumia, na kwamba alikuwa amewaambia wateja wake waje walisome ukutani. Kisha akauliza, "Na yako wewe iko wapi?"

Jumapili tatu sikuitwa mkekani. Niliwasikia wawili hao wakicheka ng'ambo ya ukuta, nami nikaongeza sauti ya redio. Wiki ya nne nikakata shauri, nikaenda saluni Bukoto kusukwa. Kichwa changu kikiwa mikononi mwake, nikamsomea shairi nililoandika bila vina. Palipolegea alinivuta nywele.

"Hapa unadanganya," alisema. "Rudia."

Siku hizi tunaketi watatu. Siwezi kusema wivu umekwisha. Juzi mama alisoma beti mbili mpya, jirani yangu akafumba macho kwa utamu. Mimi nikainuka, nikasema nakwenda kuchemsha chai, nikakaa jikoni mpaka uso wangu ukatulia, ndipo nikarudi na vikombe.