Wanawake Waliosimama Baharini

Mzinga ulipolia saa sita mchana, mama alikuwa kwenye kibaraza cha mdogo wangu, ghorofa ya nne, na kikombe cha chai mkononi. Alikitua polepole, akanitazama.

"Kwani leo Ramadhani?"

"Hapana, mama."

"Mbona wanafuturu mchana?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akamweleza kwamba mji ule hupiga mzinga kila siku adhuhuri, toka zamani, watu wajue kwamba wakati wa chakula umefika. Mama akasema kumbe ni watu wenye akili. Lakini siku zote tulizokaa pale, mzinga ukilia tu, nilimwona akisema bismillahi na kunyoosha mkono kutafuta tende.

Ule ni mji wa pwani, kusini mwa Ufaransa, mji wa watu wenye nazo. Mdogo wangu ameoa huko na anafanya kazi ya mitambo bandarini, anatengeneza injini za boti za matajiri ambao hajawahi kuwaona uso. Mimi ni mfamasia. Naishi Richfield, jirani na uwanja wa ndege wa Minneapolis, na nimekaa Minnesota miaka mingi kuliko niliyokaa Tanga. Baba alipofariki na eda ya mama ilipokwisha, tulikubaliana sisi wawili kwamba mama asibaki peke yake katika nyumba ile. Makaratasi ya ukaazi wa Marekani yalikuwa tayari. Angepumzika kwanza kwa mwanawe wa kiume, mimi ningechukua likizo nimfuate, kisha ningempeleka kwangu akae moja kwa moja. Alipoambiwa alisema "Haya." Tangu azikwe mumewe, hilo ndilo neno alilokuwa amebaki nalo. Chakula, haya. Twende tukatembee, haya. Niliona afadhali angenigombeza.

Siku zile ninazikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi mzuri wa mchana, vipande vipande. Madirisha ya mji mzima yalifungwa kwa mbao za kijani jua lilipopanda, na mitaa ikanyamaza, ukasikia vijiko tu ndani ya nyumba za watu. Sokoni maua ya maboga yaliuzwa kwa mafungu, yamelowanishwa maji, na mbele yake walisimama wanawake wazee waliopaka rangi ya mdomo tangu asubuhi, wakibishana na muuzaji huku mbwa wao wadogo wakichungulia kutoka kwenye mikoba. Kwenye kona moja palikuwa na tanuri la kuni na sinia la shaba pana kama mlango, humo wanaoka unga wa dengu uliokorogwa na mafuta, kisha wanaukwangua kwa upawa na kukutilia pilipili manga. Mama alionja, akatafuna kwa makini.

"Hii bajia," akasema. "Ila imekanyagwa na gari."

Nikajua kwamba mama yangu bado yumo.

Ufuko wenyewe hauna mchanga. Ni kokoto tupu, za mviringo, na mchana zinaunguza. Kwa hiyo watu wale wazuri, wenye miwani ya bei mbaya na ngozi zilizoiva sawasawa, wakivua viatu wanakwenda majini wakirukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Mimi nilikaa kwenye viti vya buluu vilivyopangwa barabarani kuelekea bahari na nikawatazama kwa raha zangu zote. Viti hivyo ni vya kila mtu. Unakaa, hunywi kitu, hulipi kitu, unatazama maji mpaka uchoke, na maji hayaishi kubadilika rangi. Mama siku ya kwanza aliona wanawake waliolala vifua wazi, akasema astaghfirullah, akageuza uso upande wa hoteli. Siku ya tatu alikuwa hageuzi tena.

Jioni ndiyo ilimshangaza zaidi. Jua likipoa, mji wote unaoga, unavaa, unajipulizia manukato na kushuka barabarani. Babu na bibi wameshikana mikono, vijana, watoto wenye aiskrimu mpaka viwikoni. Wanatembea kwenda mwisho wa barabara ile, kisha wanarudi.

"Wanakwenda wapi hawa?"

"Hawaendi popote, mama."

"Wamejipamba hivi bila harusi?"

Kesho yake alitoa kwenye sanduku dera lake la zambarau, akaomba pasi.

Lakini ninayotaka kuyasema hasa ni ya asubuhi. Asubuhi na mapema, kabla ya wageni wa hoteli kuamka, walikuja wanawake watano, watu wazima, umri wa mama, wengine wamempita. Walikuja na kofia, hereni na mikufu. Waliingia baharini taratibu wakishikana viwiko mpaka maji yakafika kifuani, wakasimama. Hawakuogelea. Walisimama duara, wakaongea. Maji yaliwainua kidogo na kuwashusha, kofia zikapanda na kushuka pamoja, na sauti zao zilitufikia kwenye viti vya buluu bila maneno, kicheko tu na ubishi. Walipomaliza habari zao walitoka, wakajifuta, wakaenda kunywa kahawa.

Mama aliwatazama siku tatu. Kazaliwa Tanga, kakulia Tanga, lakini bahari aliijua kwa miguu tu. Tangu alipovunja ungo hakuwahi kulowa zaidi ya vifundo. Siku ya nne, mwenye kofia nyekundu aligeuka, akamwona, akampungia mkono kama mtu anayemwita jirani. Nilikuwa tayari kumjibu kwa niaba yake, maana ndiyo tabia yangu. Nikageuka, kiti kitupu. Mama alikuwa ameshaacha kandambili na anashuka kwenye kokoto na dera lake, mtandio kichwani.

Maji yalipomfika kiunoni dera lilijaa hewa na kupanda juu, likaelea pande zote, mama akawa katikati anapigapiga kwa viganja kulishusha. Wanawake wale wakaja mbio, kama mtu anavyoweza kwenda mbio majini. Mmoja akavuta huku, mwingine akakalia pindo la dera kabisa, na kelele zikawa nyingi. Ndani ya kelele hizo nilisikia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba. Nilisimama pale juu na machozi yakanitoka, na mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akasogeza kiti chake kidogo asinitazame.

Akaenda kila siku. Wao waliongea Kifaransa chao, yeye Kiswahili chake cha Tanga, na hakuna aliyepunguza mwendo kwa ajili ya mwenzake. Njiani kurudi alinipa habari. Mwenye kofia nyekundu nyonga inamsumbua. Yule mwembamba ana mtoto hapigi simu. Yule mwenye bangili anampenda muuza samaki, ila anaona haya.

"Umejuaje yote hayo?"

"Nimeambiwa."

Nikaona jambo limekwisha: mama kapona, kilichobaki ni kumpeleka kwangu. Tena Minnesota ina maziwa kila ukigeuka. Nilimwahidi maji mengi kuliko ya Ufaransa, na kwenye ndege nilimwonyesha kutoka juu yale maziwa yaking'aa kama vipande vya kioo. Alisema ni mazuri.

Richfield wakati wa kiangazi ni pazuri pia, sitasema uongo. Miti imefunga juu ya barabara, nyasi zimekatwa, ndege zinapita chini mpaka unasoma maandishi ubavuni. Ila watu hakuna. Asubuhi milango ya gereji inajifungua, magari yanatoka, milango inajifunga. Jioni yanarudi, inajifungua, inayameza. Mama alikaa dirishani na dera lake la zambarau. Siku moja akaniuliza kama majirani zangu wana miguu.

Nilimtafutia watu. Ninapoamua jambo huwa silali. Nilimpeleka Roseville kwa bibi mmoja wa Kikenya, mama wa nesi ninayefahamiana naye, na wazee wale wawili walipatana kwa dakika chache tu: chai, maandazi, magoti yanayouma. Wakati wa kuagana mama akamuuliza wataonana lini. Yule bibi akatutazama sisi mabinti tuliokuwa tukilinganisha zamu zetu kwenye simu.

"Huku hata kumwona mwenzako ni mpaka mtu aku-drive," akasema. "Na wenye ku-drive wako kazini."

Hawakuonana tena kiangazi kile.

Basi nikawa nampeleka ziwani mwenyewe. Nikitoka kazini tu, nambeba na binti yangu, tunaingia Minneapolis. Ziwa hilo lina mchanga laini, kina chake kinaongezeka polepole, na jioni watu wanateleza na mashua ndogo za tanga huku majengo marefu ya mjini yakichungulia juu ya miti. Nilivaa na mimi nguo ya kuogelea ya kujifunika, nikaingia naye mpaka kifuani, nikamshika kiwiko. Tukasimama. Maji yalikuwa vuguvugu, hayana chumvi, hayakuinui wala kukushusha.

"Dawa ya presha umekunywa?" nikauliza.

"Haya."

"Na ile miadi ya macho ni keshokutwa."

"Haya."

Binti yangu alikuwa amekaa mchangani na miguu ndani ya maji. Anakielewa Kiswahili chote, ila hunijibu kwa Kiingereza. "She's bored, Mom," akasema, yaani bibi yake amechoshwa. Nikamkata jicho. Mama, ambaye Kiingereza hajui, akatabasamu kama aliyetafsiriwa vizuri.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane. Wingu la waridi lilikuwa limelala juu ya maji yote, na sisi tumesimama ndani yake. Mama akanishika mkono chini ya maji.

"Mwanangu, nirudishe Tanga."

"Kwa nani, mama? Nyumba ile tupu."

"Nyumba tupu ni yako mchana."

"Mimi si nipo?"

"Upo," akasema. "Unanilisha, unanivisha, Mungu akulipe. Lakini wewe ni mwanangu. Mimi nataka wenzangu."

Nilikasirika. Nilifunga mlango wa gari kwa nguvu ambayo haukuihitaji. Usoni pake hapakuwa na "haya" tena, na hilo liliniudhi na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Nilimwambia mdogo wangu kwa simu kwamba mama amechanganyikiwa. Akasema kwamba toka tuondoke, mwenye kofia nyekundu kila akimwona humwuliza kwa mikono kule aliko mama. Siku mbili baadaye nikamkatia mama tiketi ya kurudi Tanga.

Mwezi wa kumi nilimpigia mchana, nikiwa garini kwenye maegesho ya maduka makubwa ya Roseville, nikijua kwao isha imekwisha na atakuwa ametulia. Simu iliita sana. Ilipopokelewa nilisikia ungo, vicheko, mtu anaimba vibaya na mwingine anamwambia anyamaze.

"Mama, nani hao?"

"Wenzangu. Tunachambua mchele wa harusi, ya jirani hapa."

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Mwanangu, nitakupigia, mikono yangu ina pumba."

Akakata. Nilingoja, na hakupiga, wala siku ile wala kesho yake. Nilimwonea wivu mama yangu, wivu wa kweli. Mimi nimetimiza miaka hamsini na miwili. Nina nyumba, nina leseni ya kazi, nina binti ambaye mwakani anakwenda chuo. Nilifungua simu yangu, nikapitia majina moja baada ya jingine, nikimtafuta mwanamke mmoja ambaye ningeweza kumwita aje kukaa nami bila shughuli yoyote, naye aje. Majina yalikwisha nami nimekaa na mkanda wa gari umefungwa.