Juisi ya Stafeli kwa Dada

Sokoni walimwita Mama Stafeli, ingawa mezani pake palikuwa na mapapai, ndizi na machungwa pia. Jina alilipata tangu alipotumiwa ujumbe kwenye simu kwamba stafeli linaua kansa kuliko dawa za hospitali. Aliuamini kwa sababu ulimfikia kutoka kwa watu watano. Akaandika kwenye kipande cha boksi, "Stafeli, kiboko ya kansa", na kwa ulimi aliokuwa nao, mchana haukumkuta na tunda hata moja.

Kisha dada yake, fundi cherehani, akagundua uvimbe kwenye titi. Hospitali walimwambia ni kansa, ila uvimbe bado ni mdogo, wautoe, aanze matibabu. Dada aliogopa kisu, akamkimbilia mdogo wake. Mama Stafeli hakumkataza kwenda. Alimwambia tu ajaribu juisi miezi miwili kwanza, hospitali haihami. Kila asubuhi alimchagulia tunda lililoiva, akalikamua kwa mikono yake, akachuja mbegu. Dada alikunywa huku akitania kwamba karibu ataota mizizi, wateja wa magauni watamkuta kachanua maua.

Miezi miwili ikawa saba. Dada akaanza kukohoa, mgongo ukamuuma hata cherehani ikamshinda. Walipokwenda pamoja hospitali, daktari alizitazama picha, akasema ugonjwa umeshatambaa hadi kwenye mapafu.

Mama Stafeli akatoa simu. Daktari aliusoma ujumbe wote bila kucheka. Akawaeleza kwamba kweli watafiti walidondoshea seli za kansa maji ya majani ya mti huo, ndani ya kisahani cha maabara, na baadhi zikafa. Lakini vitu vingi huua seli kwenye kisahani, hata sabuni, na mwili wa mtu si kisahani. Hakuna aliyethibitisha kwamba tunda lenyewe limemponya mgonjwa.

"Kwa hiyo tunda ni la uongo?" Mama Stafeli akauliza.

"Tunda ni zuri. Lina vitamini, lina nyuzinyuzi, lileni. Uongo ni kuliita dawa."

Walipofika nyumbani Mama Stafeli alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba radhi. Dada akamshika kichwa.

"Usilie, mdogo wangu. Ningemsikiliza nani kama si wewe?"

Alisema hivyo kumpoza, lakini neno hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Lile boksi alilichana siku hiyohiyo. Dada alifariki kabla ya mwaka kwisha.

Binti wa marehemu bado hupita sokoni. Humwamkia mama yake mdogo kwa adabu zote, "Shikamoo, mama mdogo," halafu huenda kununua matunda meza nyingine.

Wateja wanaoletwa na ule ujumbe wa simu nao hawajaisha. Juzi alikuja kijana aliyetaka mastafeli sita ya mama yake mgonjwa. Mama Stafeli akamwambia ampe mama yake moja kwa utamu wake tu, na ampeleke hospitali leo; dada yake mwenyewe alikunywa miezi saba, na sasa yuko kaburini.

Kijana akamtazama kwa huruma.

"Pole, mama. Labda hukumkamulia vizuri," akasema, akaenda zake meza ya pili.