Koti la Baba Ziwani Jipe

Enzi zetu, na ninyi wenzangu mliolelewa upande wa Taveta mtanishuhudia, nguo ya kuvukia ziwa haikuwa mambo ya urembo. Leso moja unajifunga, ya pili unaikunja ndani ya debe lenye kifuniko, ili ufike ng'ambo una kitu kikavu. Viatu hakuna. Fundo unalifunga hivi kwamba ukivuta ncha moja tu, linafunguka. Asubuhi Ziwa Jipe limetulia kama uji kwenye sahani, Kilimanjaro ile pale nyeupe, jua linachoma mgongo. Saa nane upepo unashuka kutoka milima ya Upare, na mvua iko nyuma yake. Mtoto wa pale aliyajua hayo kabla hajajua kuhesabu.

Sisi hatukuwa wa pale. Tulikuwa Wadawida, tumeteremka kutoka milima ya Taita kwa sababu baba alipata kazi kwenye mkonge. Kwetu juu ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, na mama yetu, Mghoi, alijua dawa moja tu: nguo nzito. Alikuwa na sababu. Ndugu yetu Mwakio alikufa kwa kichomi tukiwa bado huko, ana miaka mitatu. Tangu hapo mama akiona wingu anatafuta mtoto wa kumfunika. "Baridi haina adabu," alikuwa akisema, "inaingia bila hodi."

Shule niliishia darasa la pili, lakini dawati langu nalikumbuka lote: Mshai, Samba, na Wawuda aliyekuwa akitafuna penseli mpaka mwalimu akachoka. Jioni tunateleza kwenye tope na magome ya mgomba, kisha perege wa kuchoma na ndizi mbichi, vidole vinanuka moshi mpaka kesho yake. Raha hiyo ilikuwepo. Sitaki mfikiri haikuwepo.

Siku za soko, dada yangu Wakesho, mwenye miaka kumi na minne, na mimi wa miaka tisa, tulivuka na ndizi kwenda upande wa Tanzania, kwa mtumbwi wa Mpare mmoja, Mzee Senkondo. Mama alibaki kupalilia pamba. Siku moja akatufuata mpaka majini amebeba koti la baba, la sufu, zito, vifungo mpaka shingoni.

Mzee Senkondo akacheka. "Mama Wakesho, hawa wanaenda sokoni au jeshini? Ziwani mtu huvaa kitu atakachokivua kwa mkono mmoja."

"Mzee wangu, wewe shika upondo wako," mama akamjibu. "Mimi nimeshazika mmoja."

Akamgeukia dada: "Upepo ukianza, mvike mdogo wako. Ufunge vifungo vyote."

Tukaenda, tukauza, tukarudi. Katikati ya ziwa mbingu ikageuka, matone yakaanza. "Njoo nikuvike," dada akaniita. Nikakataa, linawasha. Kusema kweli halikuwasha. Nilikuwa na leso mpya, nikataka akina Mshai waione nikishuka.

"Haya, nitalivaa mimi, mama asije akasema tumelidharau." Akafunga mpaka shingoni.

"Binti, vua hilo!" Mzee akapaza sauti.

"Mzee, wewe humjui mama," dada akasema, anacheka.

Wimbi likatupiga ubavuni, mtumbwi ukapinduka. Leso yangu ilikwenda na maji mara ile ile, nikaibuka uchi nimeshika ubavu wa mtumbwi. Wakesho aliibuka mara moja tu. Mikono yake haikuwa inaogelea. Ilikuwa shingoni, inahangaika na vifungo. Mzee alizamia, akazamia, mpaka akawa anatapika maji.

Alipatikana kesho yake kwenye matete. Wanawake walitaka kulikata koti kwa kisu, mama akakataa. Alivifungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, sufu imevimba, vidole vinateleza. Alipomaliza aliniuliza, "Kwa nini hukulivaa wewe?"

Nikasema linawasha. Alikufa mwaka wa themanini na kitu, hajapata jibu lingine kwangu. Na mpaka leo sijui alikuwa akiulizia nini.

Sasa nakaa Voi na wajukuu. Wakienda kutembea Jipe wanavaa jinzi iliyobana hata kuchuchumaa ni kazi. Yale makoti ya kuelea wanayopewa wanayavua wapigwe picha, eti yanaficha nguo. Simu inawaambia mvua ni saa ngapi na bado inawanyeshea. Nikiuliza wamevaa nini wanacheka, "Shosho na nguo zake!" Nacheka nao. Wanarudi wamelowa, nawachemshia chai ya tangawizi, wanapiga chafya siku mbili, wamesahau. Wao wanaweza kukosea nguo kila Jumamosi. Sisi tulikosea mara moja.