Nilimchagulia Ba'mdogo Bastola, Nikamvalisha Busha

Nimekosa. Naanza hivyo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa nafasi ya kujitetea nageuza kila kitu kichekesho, na hiki si kichekesho. Kwa kweli ni kichekesho. Ndiyo tatizo lenyewe.

Jina niachieni. Niko kidato cha tatu hapa Kibaha, naishi kwa baba yangu mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kwala. Darasani mimi ni yule ambaye kitu kikivunjika, mwalimu anataja jina langu kwanza, halafu ndiyo anauliza nani kavunja.

Ba'mdogo ana miaka arobaini na kitu na alikuwa hajawahi kuoa. Mfupi, mnene, mpole kupita kiasi. Kuku wa sikukuu anachinjiwa na jirani, yeye anaingia ndani kuongeza sauti ya redio. Mwaka jana jioni, akitoka dukani, watu wawili walimkata panga la bega wakaondoka na pikipiki yake. Kwala imechangamka siku hizi, viwanda, malori, sura ngeni kila kona, na si zote za heri. Alipopona akaomba kibali cha bastola. Kijiji, kata, polisi, mahojiano juu ya mahojiano, mpaka nikadhani anaomba uwaziri. Kibali kikatoka.

Siku ya kwenda kununua alinichukua, eti nimsomee Kiingereza cha kwenye vikaratasi. Muuzaji alikuwa mzee mkakamavu, mgongo umenyooka kama rula. Akamwekea mbili juu ya kitambaa. Moja bapa, inaingia kiganjani. Nyingine fupi vilevile lakini nene, imeshiba, inabeba risasi mara mbili ya mwenzake. Akamweleza kwamba bastola ya kutembea nayo kila siku haichaguliwi kwa macho, inachaguliwa kwa shati. Uivae, ukae, uiname, upande pikipiki. Mtu akikutazama tu akajua umevaa kitu, hiyo haikufai. Na kwa umbo lako, bwana mkubwa, akasema, chukua hii bapa.

Ba'mdogo akaishika ile bapa. Aliipenda, nilimwona kabisa usoni. Mimi nikashindwa kunyamaza.

"Ba'mdogo, hicho si kiberiti cha gesi? Jambazi akikiona atakuomba umwashie sigara."

Muuzaji hakucheka. Ba'mdogo alicheka, halafu akaona haya, halafu akairudisha ile bapa kwenye kitambaa akachukua nene. Ukimtania anabadilika palepale. Nilikuwa najua hilo tangu niko darasa la nne, na nimelitumia sana.

Nyumbani, balaa. Pembeni ya kiuno haikukaa, tumbo linasukuma shati na mpini unachungulia. Nikamshauri, mimi tena, aivae mbele, chini ya kitovu, kama nilivyoona kwenye video. Ikaingia ndani ya suruali na kimfuko chake cha ngozi. Sasa mbele kukaota kilima. Ijumaa akivaa kanzu ndiyo usiseme! Akawa anatembea kapanua miguu, na kukaa anakaa kwa awamu, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, huku kafumba macho.

Nyie wenzangu wa Pwani mmeshajua watu walifikiria nini. Huku kwetu mwanaume akitembea hivyo hakuna anayewaza bastola. Wanawaza busha.

Alikuwa amenikataza kabisa kumwambia mtu kuhusu ile silaha. Akasema siri ndiyo kinga yake. Basi wenzangu waliponiuliza darasani mjomba wako, sijui baba yako mdogo, ana nini, ningejibu sijui, ingeisha. Badala yake nilisimama mbele ya ubao nikachomeka sweta ndani ya suruali, nikatembea. Nikakaa kwa awamu. "Mzee ana mzigo," nikawaambia, na darasa zima likalala juu ya madawati. Nilijiambia namlindia siri yake.

Ngoja niseme lililo baya zaidi. Kwenye lile darasa yumo Zai, na shangazi yake Zai ni Mwalimu Tatu wa Marui, kule Kisarawe. Huyo ndiye Ba'mdogo alikuwa amempelekea barua ya posa na ikakubaliwa. Walifahamiana alipokuja dukani kutafuta bati. Ba'mdogo alikuwa ameshapaka rangi chumba, ameshona mapazia, ameniuliza mara tatu wanawake wanapenda rangi gani kama vile mimi najua. Na mimi nilikuwa najua Zai ni nani. Wakati naigiza, nilikuwa namtazama yeye.

Ilibaki siku ya Ba'mdogo kwenda kujitambulisha kwa wazee. Tukaenda Marui mimi, yeye na mshenga. Tukakaribishwa mkekani, chai ikaja, shikamoo zikaisha. Msemaji wao alikuwa shangazi mtu, dada wa baba yake Tatu, mama mmoja mnyenyekevu wa sauti. Akasema kuna jambo dogo wangependa kulisikia kutoka kwa bwana harusi mwenyewe.

"Mwanangu, tumesikia unatembea na mzigo. Ni kweli?"

Ba'mdogo akashtuka. Kichwani mwake mzigo ulikuwa mmoja tu, wa chuma, na yeye si mtu wa kuwadanganya wakwe.

"Ni kweli, shangazi. Lakini nina kibali."

"Kibali cha nani?"

"Cha serikali. Polisi wanaufahamu, wana namba yake."

Mzee mmoja alipaliwa na chai. Shangazi mtu akamsogelea kidogo, kwa huruma.

"Ni mkubwa sana?"

"Wa kati. Mimi nilitaka mdogo. Huyu kijana ndiye akanishauri nichukue mkubwa."

Wote wakanigeukia. Mimi nikatazama mkeka.

"Na usiku unalala nao vipi?"

"Usiku nauvua, naufungia kabatini. Tatu hatausumbukia."

Hapa ndipo kosa langu lilipo, kuliko dukani, kuliko darasani. Mle ndani mimi peke yangu nilikuwa najua kila upande unazungumzia nini. Neno moja tu lingetosha. Ningejifanya tumbo linauma, nikamtoa nje Ba'mdogo nikamwambia, yangeisha kwa soni ya dakika mbili. Nilichofanya ni kuvua kofia na kuiuma, kwa sababu nilitaka kuona itaishia wapi.

Iliishia hivi. Shangazi mtu akasema wao hawaelewi, mzigo gani huo unaovuliwa. Ba'mdogo akaona njia fupi ni kuwaonyesha. Akainuka, akapandisha kanzu. Wanawake wakajifunika khanga nyuso, baba yake Tatu akanyoosha mkono kumzuia. Bastola ikatoka. Aliishika kwa adabu zote, mtutu chini, kama alivyofundishwa, na bado alikuwa anatabasamu.

Mwalimu Tatu alikuwa ametokea mlangoni na sinia la vitumbua. Hakulidondosha. Alirudi nalo ndani taratibu, kinyumenyume.

Khanga zikashuka usoni. Halafu shangazi mtu akaongea, na sauti yake ilikuwa ileile ya chini.

"Busha tungelivumilia, mwanangu. Busha linapasuliwa, mtu anapona. Hilo lako, siku ukikasirika, Tatu tutampata wapi?"

Ba'mdogo akajaribu kueleza habari ya panga. Akavuta shingo ya kanzu awaonyeshe kovu. Mtu ameshika bastola mkono mmoja, kwa mkono mwingine anajifunua bega. Nani angemsikiliza? Kabla ya wiki kwisha mshenga aliturudishia barua ya posa.

Habari zikafika polisi. Kuchomoa silaha nyumbani kwa watu bila sababu ni kosa hata kama una kibali, na sababu yake haikuandikika. Bastola ikachukuliwa, kibali kikasimamishwa. Kilima kikapotea. Sasa Kwala kila anapopita wanampa hongera ya operesheni, wanamuuliza alifanyiwa hospitali gani, na mmoja alimtuma kaka yake mgonjwa aje kupata ushauri. Kisarawe ni mtu wa bastola, Kibaha ni mtu wa busha, na yeye hana hata kimoja.

Duka anafunga mapema, jua bado kali. Pikipiki ikinguruma nyuma yake anasimama, anashika lile bega. Zai, niliyekaa naye dawati moja, amehama. Mapazia yako kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya mlango wangu, maana chumbani kwake hataki kuyaona.

Jumapili moja tukila aliniambia nisijilaumu kwa ule ushauri wa dukani. Akasema siku ile Marui watu wote walimtazama kama mnyama. "Wewe peke yako nilikuona machozi yanakutoka."

Yalikuwa ya kicheko. Nilimjibu, "Ndiyo, Ba'mdogo," nikamwongezea mchuzi.

Nyie wa umri wangu, mnaowashwa mkiona mtu mzima ana kitu anakificha, nawaomba. Utani si kosa, hata leo nimeshatania watu wanne. Lakini siku ukijikuta wewe peke yako ndiye unayejua ukweli na mwenzio anazama mbele yako, fungua mdomo. Usisubiri kuona mwisho. Mwisho unaishi na wewe nyumba moja, unakupikia, unakuita rafiki yake.

Ukurasa huu wa gazeti Ba'mdogo anausoma kila unapotoka. Huwa anausoma kwa sauti, tukiwa mezani, ananisomea mimi.