Mkono wa Mjomba

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilimnyima mzee wa watu mkono mbele ya ukoo wake mzima, na mpaka leo sijuti. Wewe kesho unaanza kazi wodini, kwa hiyo kaa hapa unisikilize.

Nilikuwa muuguzi kijana pale Morogoro mjini, chumba cha wagonjwa mahututi, mwembamba kama nini, ila mdomo ninao. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi baada ya miaka ya kupanga foleni, lakini kwetu hospitalini glavu zilikuwa za kubahatisha.

Sasa, desturi zetu unazijua. Mtu haingii wodini akamsalimu mgonjwa wake peke yake, ataonekana hana adabu. Anapita kitanda kwa kitanda, anampa kila mmoja mkono, pole mama, pole baba, mpaka mwisho wa chumba. Jambo zuri jamani, mimi nalipenda. Ila ndiyo njia waliyoipata bakteria wa vidonda. Daktari wetu alitueleza kwamba wanaishi puani na kwenye ngozi za watu wazima kabisa wasioumwa, wala hawasumbui. Lakini wako wengine wanaotengeneza sumu, na wakipata kidonda, sumu ile inaingia kwenye damu. Tulikuwa na mama mmoja wa Mzumbe, kidonda chake kinaendelea vizuri, ghafla homa ikapanda, ngozi ikawa nyekundu mwili mzima, presha ikashuka. Tukamhamishia pembeni peke yake, na amri ikatoka: wageni waishie mlangoni, na hakuna kupeana mikono.

Kwenye kitanda cha jirani na kile alichotoka alikuwapo Zuhura, binti wa Kinole, ametoka kupasuliwa tumbo, ameacha mtoto mchanga nyumbani. Huyo ndiye aliyeninyima raha. Alikuwa ameolewa na kijana wa shamba la miwa, mtu wa kuja, mjomba wake hataki. Na kwetu Waluguru mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye neno. Zuhura aliamini kinyongo cha mjomba ndicho kilichomlaza pale.

"Sista, mjomba hajaniwekea mkono wa baraka kichwani," alikuwa akiniambia, huku anausukuma uji pembeni. "Nitapona vipi?"

Basi asubuhi moja wakashuka kutoka milimani, ukoo mzima, na mafenesi na mikungu ya ndizi. Mbele yao Mzee Mkude, mjomba mwenyewe, na kanzu yake safi. Nikafurahi, nikasema moyoni, amekuja kusamehe! Kisha nikauona mkono wake wa kulia. Kidole gumba kimevimba, kimefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa usaha. Alikuwa amejikata na panga shambani.

Nikasimama katikati ya mlango. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu," akasema, akaninyooshea mkono.

Nikarudisha yangu nyuma. "Naomba uniwie radhi, mzee. Mkono sikupi, na ndani huingii. Usaha huo ukimfikia Zuhura, tunaweza kumpoteza."

Weee! Kina mama wakapandisha sauti. "Hebu kaone! Katoto ka juzi kanamzuia mjomba mtu!" Mimi, mwanangu, sikubanduka.

Mzee Mkude alikitazama kidole chake. Kisha akawageukia watu wake. "Nyamazeni. Mimi nimekuja kumponya mtoto au kumuua? Binti huyu ameniamkia, ameniambia kweli, hakunitukana. Mnataka afanye nini tena?"

Akabaki pale kizingitini, akaweka mkono wa kushoto kifuani, akapaza sauti. "Zuhura! Ni mimi, mjomba wako. Sina kinyongo na wewe, wala na mumeo. Leo mkono wangu mbovu. Wewe pona, utaupata nje."

Zuhura alilia, na mimi nikalia, sikujificha. Mchana wake aliniomba uji mwenyewe. Mzee nilimpeleka akasafishwe kidole na kupewa dawa.

Na alhamdulillahi, ugonjwa uliishia kwa yule mama wa Mzumbe, naye akapona. Ngozi ya viganja ilimbambuka yote, akawa anatuonyesha anacheka, eti kapewa mikono mipya. Uzito ulionitoka kifuani siku zile siwezi kukuelezea.

Siku Zuhura anatoka, mjomba alikuwa anamngoja uani, kidole kimeshapona. Kabla hajamgusa akaniita. "Sista, sabuni iko wapi?" Akanawa mpaka viwikoni, taratibu, ukoo mzima unamtazama. Ndipo akamwekea mpwa wake mkono kichwani. Alipomaliza akaninyooshea mimi. "Haya, na wewe pokea wako. Siku ile uliukataa."

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, ukitoka kwa mgonjwa mmoja nawa kabla hujamgusa mwingine, hata kama umechoka hoi. Na akija mkubwa wa kumzuia, mwamkie kwanza, halafu mzuie. Wengi watakuelewa, na asiyekuelewa mwache akasirike, mgonjwa wako atakuwa hai.

Mungu akulinde, awalinde na wote utakaowashika. Haya, sogea nikuwekee mkono. Ngoja, ngoja kwanza. Niletee sabuni.