Nilivyomzoesha mtoto wa mbwa sanduku la baruti, halafu king'ora kikanyamaza (Likasi, miaka ya tisini)

Wakuu, habari za mchana. Mnaokula endeleeni, wenye njaa kama mimi tuvumiliane.

Juzi kuna member alilalamika humu kwamba puppy wake analia akifungiwa kwenye crate, majirani wamemchoka, na anataka kumrudisha alikomtoa. Nikasoma comments, watu wanamshauri amnunulie toys. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mkuu, usimrudishe. Kaa nikusimulie. Haya ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa, na aliyebaki wa kunisuta nikidanganya ni mama yangu, ambaye hajui hata kuwasha data.

Nimezaliwa Likasi, Katanga, kule Kongo. Siku hizi niko Mbeya, nimeolewa huku, na Kiswahili changu kimenyooshwa na wakwe. Ila watu wa kwetu wakifungua mdomo kwenye huu uzi nitawaacha waongee kama walivyoongea.

Likasi ni mji wa viwanda vya shaba. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana kuja kufanya kazi mgodini. Papa, yaani baba yangu, akazaliwa Likasi, akaingia kiwandani, na mimi nikazaliwa hapo hapo. Kasai tulikuwa tunaisikia kwenye nyimbo za msiba tu.

Kitu kimoja mkijue kuhusu mji ule: tuliishi kwa king'ora cha kiwanda. Kikilia asubuhi, wanaume wanatoka. Kikilia mchana, unateleka maji ya bukari, yaani ugali wetu. Saa ya ukutani ilikuwa pambo.

Papa alikuwa mtu wa utani. Alikuwa anaweka mikono mdomoni na kukiiga kile king'ora mpaka huwezi kutofautisha. Kuna jirani alishawahi kukimbilia kazini Jumapili, amefika njiani ndipo akakumbuka. Hakumsemesha Papa wiki nzima.

Basi mambo yakaanza kubomoka. Mishahara ikawa hadithi. Maduka yakaporwa. Papa na wenzake wakapewa likizo, kwa Kifaransa *congé*, midomoni mwetu konje, bila kuambiwa warudi lini.

Siku hiyo alirudi nyumbani na kofia yake ngumu ya kazi mkononi, na ndani ya kofia kuna mtoto wa mbwa. Jike la walinzi wa getini lilikuwa limezaa.

Mama akamwangalia tu. "Tuko na njaa, weye unatuletea kinywa ingine?"

"Balinipa konje," Papa akasema. "Njo huyu."

Jina likabaki hilo. Konje.

Baada ya hapo utani wa Papa ukakatika. Alikuwa anakaa mlangoni kutwa, mbwa amelala juu ya viatu vyake. Ukitaka afungue mdomo, muulize habari za Konje. Kingine chochote anakuitikia kwa kichwa. Niliogopa, wakuu. Niliona nampoteza baba yangu huku amekaa mbele yangu.

Halafu ikaja ile habari. Watu wa asili ya Kasai tukaambiwa Katanga si kwetu, turudi kwetu. Wengine waliambiwa kwa maneno, wengine kwa moto. Sitaki kufukua hapa, waliokuwepo wanajua. Mimi nachagua kumkumbuka jirani yetu Mama Mwape, mwenyeji wa huko huko, aliyekuwa anatupitishia unga kwenye tundu la uzio huku analia.

Njia ya kutoka ilikuwa treni. Mabehewa ya mizigo, watu wamebanana na masufuria yao. Kila behewa familia zilijichagulia kiongozi. Wa kwetu alikuwa Papa Albert, fundi mstaafu, mzee mkali lakini mwenye haki. Alipita nyumbani kukagua mizigo, akamkuta Konje anatafuna kamba.

"Imbwa mu vagon? Apana. Kuko batoto, kuko bagonjwa. Ataluma bantu."

Papa akajibu polepole: "Basi minye nabakia."

Mama aliketi chini pale pale. Sisi tulimjua. Papa akipiga kelele, unaweza kujadiliana naye. Akisema kwa sauti ndogo, limekwisha.

Nikamkimbilia Papa Albert mpaka barabarani.

"Papa Albert, kama namutia mu sanduku, na ananyamaza?"

Akanitazama kama anayepima mbao. "Mu sanduku, sawa. Lakini siku ya kupanda, nikisikia sauti yake, anabakia."

Kwa hiyo hali ilikuwa hiyo. Konje akikataa sanduku, baba yangu anabaki peke yake kwenye mji unaomfukuza. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kufuga hata kuku. Nikasema potelea mbali, huyu mbwa ataingia.

Sanduku lenyewe lilikuwa la baruti. Msishtuke! Migodini baruti ilikuja kwenye masanduku ya mbao ngumu, na yakishakuwa matupu watu wanayabeba nyumbani. Likasi nzima tumekalia hayo, tumewekea vyombo, kuku wametagia humo. Nikalisugua kwa majivu na ndimu, nikalianika juani, Papa akalipigia mlango wa wavu.

Nikamchukua Konje, nikamsukumiza ndani, nikafunga.

Mungu wangu. Kilio kile ungedhani namchinja. Nikafungua haraka. Nikafunga tena, akalia tena, nikafungua tena. Mpaka jioni mbwa alikuwa ameshajua kwamba kelele ndiyo ufunguo. Humu ndani nawaona wengi mnafanya hivyo hivyo, halafu mnamlaumu puppy.

Mama akanipita na ndoo. "Utaua ile imbwa mbele treni ifike."

Kesho yake nikaanza upya. Mlango nikauacha wazi kabisa. Bukari yake, ile kidogo tuliyokuwa nayo, nikaiweka ndani. Chini nikatandika shati la kazi la Papa ambalo nilimkataza Mama asilifue. Mimi nikakaa pembeni nachambua mboga, nimempa mgongo kama sina habari naye.

Akachungulia. Akala shingo ikiwa ndani, makalio nje. Siku zilizofuata makalio nayo yakaingia.

Ndipo nikaanza kufunga mlango wakati anakula tu, nafungua kabla hajamaliza. Halafu namwacha kidogo baada ya kumaliza. Akilia, nachambua mboga. Akinyamaza hata kwa kuvuta pumzi, nafungua na kumsifu kama kaleta mshahara. Moyo ulikuwa unaniuma, sikatai. Lakini samaki mkunje angali mbichi, na treni haikuwa inanisubiri mimi.

Sasa hapa ndipo nilipojiona mjanja.

King'ora kilikuwa bado kinalia, ingawa waliobaki kukiitikia walikuwa wachache. Nikaona hii ndiyo ratiba. King'ora cha asubuhi: bukari, sanduku, mlango. King'ora cha mchana: mlango wazi, nje. Mtoto wa Likasi angefundisha vipi vingine? Mimi mwenyewe nililelewa hivyo.

Konje alishika haraka ajabu. Ikafika wakati king'ora kikianza tu kuunguruma, yeye huyoo, anaingia mwenyewe, anajizungusha, analala kimya mpaka kingine kilie. Nilitembea mtaani kifua mbele.

Tukahamia stesheni kungoja treni. Watu walikuwa wengi, shuka zimekuwa nyumba, moshi wa mbabula, majiko yetu ya makaa, kila kona. King'ora kilikuwa kinafika mpaka pale, na Konje akawa anaingia sandukuni mbele ya umati. Watoto wanampigia makofi. Hata Papa Albert alikuja kutazama, akatingisha kichwa.

"Ile imbwa iko na akili kupita bantu ba vagon yangu."

Halafu asubuhi moja treni ikaingia.

Anayejua stesheni ya watu waliongoja muda mrefu anajua. Kila mtu anaita jina la mtu. Mama kashika masufuria, mimi nikaweka sanduku chini, bukari ndani, shati ndani, mlango wazi.

Konje akakaa. Ananitazama.

"Ingia."

Hakuingia. Nikamsukuma, akapiga ukelele ambao uliwageuza watu mpaka behewa la pili. Nikambembeleza, nikamsukuma tena, ukelele tena. Papa Albert akaja. Nilimwona kabisa kwamba hakufurahia.

"Binti, nilisema."

Papa akaishusha mizigo yake begani, akakaa juu ya godoro lililofungwa kamba. "Mupande. Minye nabakia na Konje."

Mama akamshika mkono anamvuta, hasogei. Watu wanatusukuma. Mimi hasira zilinipanda mpaka nikataka kumpiga teke mbwa na sanduku lake.

Nikamtazama vizuri kabla ya hilo teke. Masikio yamesimama. Hanitazami mimi tena. Anatazama upande wa kiwanda.

Nikaangalia jua. Lilikuwa juu tayari. Na king'ora asubuhi ile hakikulia. Katika zile kelele hakuna hata mmoja wetu aliyegundua.

Wakuu, Konje hakuwa mkaidi. Alikuwa anangoja ruhusa. Nilikuwa nimemfundisha mbwa wangu kumtii bosi ambaye alishatuacha.

"Papa!" nikapiga kelele. "Anangojea sirene! Weye lia! Lia sawa sirene!"

Aliniangalia kana kwamba hanijui. Muda wote wa ile likizo hakuwa ameiga chochote. Nikamwambia tena, nalia sasa, sioni haya kusema. Konje naye akaja akakaa juu ya viatu vyake.

Papa akasimama. Akaweka mikono mdomoni.

Ilianzia chini, nzito, ikapanda, ikapanda, ikasimama pale juu bila kutetemeka. Konje akanyanyuka, akaingia sandukuni, akajizungusha, akalala. Nikafunga mlango. Kimya.

Lakini stesheni nayo ilikuwa kimya. Wanaume waliokuwa wamekaa walikuwa wamesimama. Mmoja alishaokota mfuko wake wa chakula na kupiga hatua kuelekea kiwandani, kisha akabaki hapo hapo na mguu wake mmoja mbele. Wote wazee wa kazi, miili yao imeitika kabla ya akili.

Sauti ya mzee fulani ikatoka katikati ya umati, ikiita zamu: "Équipe ya asubui, tuende kazi!"

Kicheko kilicholipuka pale sijawahi kukisikia tena maishani. Na katikati ya kicheko watu wakaanza kulia, hao hao waliokuwa wanacheka. Papa Albert alijifuta uso kwa kofia yake.

"Mupandishe ile sanduku," akasema.

Safari ilikuwa ndefu na mbaya. Si wote waliopanda pamoja nasi walioteremka. Sitasema zaidi ya hapo. Nitasema tu kwamba Konje hakubweka, na kwamba watoto wa behewa letu walimwomba Papa "sirene" kila asubuhi, naye akawapa. Baada ya sirene alikuwa anaongezea na kautani kake. Baba yangu nilirudishiwa ndani ya behewa la mizigo.

Kasai tulianza maisha chini kabisa. Na kila asubuhi Papa alisimama uani akakiita kiwanda kilichokuwa mbali kule, Konje akaingia sandukuni. Wenyeji walidhani sisi ni dini mpya.

Papa alifariki Konje akiwa mzee, mdomo umeshakuwa mweupe. Asubuhi baada ya mazishi nilimkuta mbwa amesimama mbele ya sanduku lake, masikio juu, anangoja. Nilikaa nikamtazama mpaka nikashindwa. Nikaweka mikono mdomoni. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi mwenye mafua.

Aliniangalia muda mrefu. Halafu akaingia.

Kwa hiyo, mkuu mwenye puppy. Mlango uwe wazi kwanza, chakula ndani, nguo yenye harufu yako, na usifungue akiwa analia. Hayo utaambiwa na kila mtu. Langu mimi ni hili: ile ishara ya kumwita iwe ya mdomoni mwako. Usimtegee kengele ya simu, wala geti la jirani, wala kitu chochote ambacho mtu mwingine anaweza kukizima siku moja bila kukuaga.

Watu wa Likasi mliomo humu, najua mpo, semeni na nyie mlikuwa mnaamshwa na nini baada ya king'ora kunyamaza. Na wewe mwenye puppy, akiingia mwenyewe kwa mara ya kwanza, njoo utuambie. Nitafurahi kuliko unavyodhani.