Kutafuta Mgahawa ambao Mama Angekula

Siku mama alipokosa kula kule mjini Buffalo nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Shangazi wa mchumba wa dada yangu ndiye aliyetualika nyumbani kwake, Lower West Side, ili jamaa mbili zijuane kabla ya ndoa. Yeye ndiye aliyemlea yule kijana tangu alipokuwa mdogo, kwa hiyo kwake tulikuwa kama tumefika kwa wazazi wa bwana harusi.

Meza ilijaa. Palikuwa na samaki wa kukaanga waliokatwa vipande vinene, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese yanayong'aa juu, maharage, wali, na bugali wa muhogo uliofunikwa kwa kitambaa ili usipoe. Nilikula hadi nikaona haya. Mama alichukua kikombe cha chai tu. Alisema tumbo linamsumbua. Alipokaribishwa mara ya pili na ya tatu alisema hivyo hivyo, macho yake ndani ya chai, na mchumba wa dada ameketi mbele yake akimsogezea sahani ya samaki kwa heshima.

Tulipotoka Buffalo na kushika barabara kuu ya kurudi kwetu Columbus, nilisikia nyuma ya gari mtu anamenya ndizi. Alikuwa mama. Alikula mbili, kisha akamaliza pakiti ya biskuti. Nikashukuru kwamba tumbo limepona.

Shangazi hakunyamaza. Baada ya siku chache alimwambia dada kwa simu kwamba watu wa Columbus huenda wamezoea vyakula vya Wazungu, kwa sababu chake kimewashinda. Aliongeza kwamba mwanamke asiyeonja hata kijiko kwako hataki kuwa ndugu yako. Dada alilia chooni na bomba limefunguliwa ili mama asisikie. Mchumba wake alimbembeleza shangazi kwa wiki kadhaa, na mwishowe shangazi akakubali kuja kwetu mara moja, Jumamosi, mchana. Dada aliniambia kwamba mama asipokula na siku hiyo, harusi itafungwa lakini yeye ataolewa katika nyumba iliyomkasirikia.

Kwa kawaida tungepika. Lakini mwezi ule bomba la jirani wa juu lilipasuka, maji yakashuka jikoni kwetu, na mafundi wakang'oa sakafu yote. Jiko lilisimama kwenye korido kama mgeni asiyekaribishwa. Mama aliliangalia, akaniangalia mimi.

"Bon," alisema. "Weye ndiye unajua kula. Tafuta fasi ya kula."

Ilikuwa kweli kwamba napenda kula, ila si mwepesi wa kusema. Nikiingia mahali nisipopajua, naonyesha chakula kwa kidole na kutumaini. Kutafuta mahali pazuri nilifundishwa na mama mkubwa, dada yake mama, anayeishi Louisville. Tulikaa kwake majuma matatu tulipofika Amerika, kabla hatujapata nyumba Columbus. Yeye alikuwa akisafisha vyumba vya wagonjwa, na siku ya mshahara alitupeleka kula. Alinionya nisitazame picha zilizobandikwa mlangoni. Alisema nitazame watu wanaokula peke yao. Mtu mwenye kampani anaweza kwenda popote, kwa sababu anakula mazungumzo. Aliye peke yake amefuata chakula.

Mahali alipotupeleka palikuwa chumba kimoja chenye viti vya plastiki, na wanawake weusi wa pale Louisville ndio waliokuwa wakipika. Katika kona alikaa mzee mmoja na kofia yake mezani, akila polepole bila kutazama simu wala mlango. Mama mkubwa alimwonyesha kwa kidevu, nasi tukaingia. Walituletea samaki wa mtoni aliyepakwa unga wa mahindi na kukaangwa, na majani ya kijani yaliyopikwa muda mrefu na nyama ya moshi, yakiwa na mchuzi wake. Mama aliyaonja majani yale, akafumba macho. Alisema aliyeyapika ana mama. Hadi leo sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa mpishi.

Basi nikaanza kutafuta kwa macho ya mama mkubwa. Nafanya kazi katika ghala la viatu Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, na zamu yangu huisha saa nane mchana. Kila siku kabla ya kurudi nyumbani Reynoldsburg, kiungani mwa Columbus, nilipita mahali pamoja.

Sikujua mji huu ulikuwa umeficha vitu vingi hivyo. Kwa miaka minne nilikuwa nimepita mbele ya jengo refu lenye maduka ya matairi na simu, na kumbe nyuma ya mlango mmoja usio hata na maandishi makubwa watu wa Nepali walikuwa wanapika vifurushi vya unga vyenye nyama, kwa mvuke, na kuvitoa na rojo la nyanya linalowasha hadi masikioni. Kulikuwa na gari la Wameksiko lililoegeshwa kando ya mahali pa kuoshea magari. Pale nilikula ulimi wa ng'ombe juu ya vichapati vya mahindi, nimesimama, katikati ya mafundi wa paa waliokuwa wakila kimya kama walio kanisani. Kulikuwa na Wahabeshi ambao mkate wao ni mpana kama kitambaa cha meza, una uchachu, na mboga zimepangwa juu yake kwa rangi. Kila mahali nilimkuta yule mzee wa Louisville, kwa sura nyingine: dereva, muuguzi mwenye sare, mwanafunzi mwenye begi miguuni.

Kila mahali pia nilifungiwa chakula kidogo cha kumpelekea mama aonje. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa. Vifurushi vya Nepali alivimaliza akiwa amesimama kando ya lile jiko la korido. Ulimi wa ng'ombe aliusifu. Mkate wa Wahabeshi alisema umeharibika, kisha akautafuta tena asubuhi. Sikumpelekea kitu alichokikataa, nami nikaendelea kutafuta chakula ambacho hatakikataa.

Mgahawa niliouchagua ulikuwa wa Wasomali, upande wa kaskazini wa mji, kati ya fundi cherehani na duka la mazulia. Nilifika Jumatano. Mwanamume mmoja alikuwa akila peke yake karibu na dirisha, amekunja mikono ya shati, na mfupa wa mbuzi aliokuwa ameushika ulikuwa mweupe kabisa. Nikasimama kaunta na kuinua kidole changu. Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye ushungi wa rangi ya manjano, alikitazama kidole, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili kama nimekatwa ulimi.

Alikuwa amekulia Kenya. Nilipofungua mdomo alicheka Kiswahili changu cha Kongo, nami moyoni nikacheka chake, tukaelewana. Aliniletea mbuzi aliyepikwa hadi nyama inaacha mfupa bila kuombwa, wali wenye zabibu na iliki, na ndizi mbivu kando. Nilidhani ndizi ni ya kula mwisho. Akaja akaimenya mwenyewe, akaikata juu ya wali, akaniamuru nile vyote pamoja. Utamu wa ndizi uliingia katika chumvi ya nyama, nikajua nimefika.

Nilimweleza habari ya Jumamosi. Nilisema mengi kuliko ninayosema kwa wiki. Nilimwambia juu ya shangazi, dada, na mama mwenye tumbo gumu. Niliuliza kama wanaweza kusonga bugali. Akasema wao husonga wa mahindi, lakini nikimletea unga wa muhogo atasonga huo, mradi nisimame karibu nimwonyeshe. Kisha akauliza tukae wapi. Kando ya ukuta kulikuwa na vyumba vidogo vilivyofungwa kwa mapazia mazito mekundu, ambako familia zao hukaa wanawake wakitaka kula kwa nafasi. Aliniuliza kama nataka viwili vya hivyo. Nikakataa. Nilitaka meza moja ndefu katikati, tukae wote tukitazamana, mama mbele ya mkwe wake, shangazi mbele ya dada. Niliona ndiyo heshima.

Jumamosi tulifika mapema. Nilikuwa nimebeba unga wa muhogo katika mfuko wa viatu wa kazini. Nikausonga bugali na yule mama jikoni, tukishindana nani ana mkono. Nilipotoka, shangazi na kijana walikuwa wameshaketi. Sahani kubwa zikaja, mbuzi, wali, ndizi, samaki mzima wa kuchoma, na bugali wetu mviringo katikati. Harufu ilikuwa ya kumfufua mtu. Shangazi aliomba, tukasema amina, kila mmoja akaosha mikono.

Mama akaomba chai.

Sikuamini. Dada alinikanyaga mguu chini ya meza, kana kwamba mbuzi yule nimempika mimi. Kijana alichagua kipande kizuri, akakiweka kwenye sahani ya mama kwa mikono miwili. Mama alishukuru bila kuinua uso, na kipande kikabaki pale. Shangazi alikiangalia kile kipande kwa muda mrefu. Kisha akajifuta vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Nikakimbilia jikoni. Nilimwambia mama mwenye mgahawa kwamba chakula chake kimekataliwa, na kwamba sijui tena mahali pa kwenda katika mji huu. Hakuudhika. Alichungulia mlangoni, akaitazama meza yetu toka mwisho hadi mwisho.

"Chakula hakijakataliwa," alisema. "Yule kijana mbele yake ni nani?"

Nikamwambia ni mkwe.

"Na wewe ukamkalisha hapo?"

Alitoka akajifuta mikono, akainama kwenye sikio la mama. Sikusikia alichouliza. Nilimwona mama, kwa mara ya kwanza siku ile, akiinua macho, na akajibu kwa sauti ndogo ambayo meza nzima ilisikia.

"Miye siwezi kula mbele ya mukwe wangu. Kwetu mama hafanye vile. Nitafungua kinywa aone meno yangu?"

Mimi na dada tulikulia kambini kama wakimbizi na baadaye hapa, ambako wakwe wa watu tuliwaona harusini tu, na mama hakuwahi kutueleza, kwa sababu kulitaja jambo lenyewe ni haya. Upande wa shangazi, ambako wanatoka ng'ambo nyingine ya ziwa la kwetu Kongo, hawana desturi hiyo. Nilizikumbuka ndizi za barabarani, na vifurushi vya Nepali kando ya jiko. Nilikuwa nimezunguka Columbus nzima nikitafuta chakula, na mama alihitaji kiti.

Mama mwenye mgahawa hakungoja tuzungumze. Alifungua kimoja cha vile vyumba vidogo, kilichokuwa nyuma ya kiti cha mama, akamwingiza, akageuza meza yetu ndefu hadi ncha yake ikagusa pazia, akalishusha pazia. Sasa mama alikuwa upande mmoja na kijana upande wa pili, umbali wa mkono mmoja, wakisikiana bila kuonana. Alimpelekea sahani yake mwenyewe, bugali juu.

Tulikaa tukisikiliza. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu tukasikia mfupa ukigonga sahani.

"Donc," shangazi alisema akilielekea pazia, "ile siku kwangu haikuwa sombe yangu mbaya?"

"Sombe yako?" mama alijibu, na kinywa chake kilikuwa kimejaa. "Dada, nililia njaa juu ya ile sombe hadi hapa. Muulize huyu mtoto. Nilikula biskuti kama panya."

Shangazi alicheka akapiga meza. Kisha akasimama, akachukua sahani yake kwa mkono mmoja na samaki kwa mwingine, akalisukuma pazia kwa bega, akaingia. Tukasikia kiti kikivutwa. Hazikupita dakika nyingi wakaanza kubishana juu ya muda wa kutwanga sombe, na kama karanga zinaiongezea au zinaiharibu. Dada alikuwa akijifuta macho kwa karatasi ya mezani. Mchumba wake, ambaye tangu Buffalo alikuwa akimsogezea mkwe chakula kwa mikono miwili, alikuwa amejishika kichwa.

"Mama," alisema hatimaye, akizungumza na pazia. "Umeshiba?"

"Bado," pazia likajibu. "Waletee batu bugali ingine."

Nikaenda jikoni kuufuata. Mama mwenye mgahawa alikuwa ameshaanza kuusonga, na alikuwa anausonga vizuri, bila mimi. Niliporudi na kuketi, mbuzi wangu alikuwa amepoa na mafuta yameganda ukingoni mwa sahani. Nilikata ndizi juu ya wali, nikala hivyo hivyo. Alikuwa bado mtamu.